Ardhi Inayodidimia: Maji Yaliyo Chini ya Bonde la San Joaquin

Katika mwaka 1977 Joseph Poland, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi katika Idara ya Upimaji wa Jiolojia ya Marekani, alipigwa picha akiwa amesimama kando ya nguzo ya umeme, kusini-magharibi ya mji mdogo wa Mendota katika jimbo la California. Juu sana ya kichwa chake nguzo ilibandikwa kibao chenye mwaka 1925. Chini ya hicho palikuwa na kibao cha 1955. Na karibu na miguu yake kibao cha 1977. Vibao hivyo vilionyesha mahali ulipokuwa uso wa ardhi katika kila mwaka uliotajwa. Kati ya kibao cha juu na cha chini palikuwa na zaidi ya mita 8. Hapakuwa na tetemeko la ardhi, wala maporomoko, wala mgodi uliobomoka. Maji yalikuwa yamevutwa kutoka chini, mwaka baada ya mwaka, ili kumwagilia mashamba, na ardhi ikayafuata.

Picha hiyo imechapishwa katika vitabu vingi vya jiolojia, na mara nyingi hutazamwa kama kioja. Lakini inaeleza jambo ambalo wakulima, wahandisi na watunga sheria wa California walichelewa kulikubali: kwamba maji yanayotolewa chini ya ardhi huweza kurudishwa mvua zikiwa njema, lakini nafasi ambamo maji hayo yalihifadhiwa huweza kupotea kabisa.

Bonde kavu lenye mashamba mengi

Bonde la San Joaquin ni sehemu ya kusini ya Bonde la Kati la California, ambalo lina urefu upatao kilomita 650. Upande wa mashariki imesimama milima ya Sierra Nevada, ambayo hufunikwa na theluji wakati wa majira ya baridi. Upande wa magharibi zimo safu za milima ya pwani, ambazo hunyang'anya mawingu ya Bahari ya Pasifiki unyevu wake kabla hayajafika bondeni. Mji wa Bakersfield, ulioko kusini, hupata mvua ya milimita 160 hivi tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, yaani wakati ambapo mimea mingi haina haja kubwa ya maji. Kwa kipimo chochote hiyo ni mvua ya nchi iliyo karibu na jangwa.

Hata hivyo bonde hilo hutoa zabibu, nyanya, machungwa, pamba, pistashio na lozi kwa wingi ambao haupatikani mahali pengi duniani. Zaidi ya robo tatu ya lozi zote zinazouzwa ulimwenguni hutoka California, na nyingi ya hizo katika Bonde la Kati. Siri yake ni maji ya mito inayoshuka kutoka Sierra Nevada, pamoja na maji yaliyo chini ya ardhi. Zamani mito minne ilimwaga maji yake katika Ziwa Tulare, ambalo wakati wa mvua nyingi lilikuwa miongoni mwa maziwa mapana ya maji baridi katika Marekani. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 mito hiyo iligeuzwa mifereji ya mashamba, na ziwa likakauka, nalo sakafu yake ikalimwa. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1920, zikaja pampu za visima virefu zilizoendeshwa kwa umeme. Mkulima hakulazimika tena kungoja zamu yake mtoni. Alichimba kisima katika shamba lake, akabonyeza swichi, na maji yakaja.

Kukaa kwa maji na kutoka kwa maji

Watu wengi wakisikia habari za maji ya chini ya ardhi huwaza mito inayopita gizani au ziwa kubwa lililofunikwa na mawe. Mambo hayo yapo katika nchi chache zenye mapango ya chokaa, lakini sehemu kubwa ya maji ya chini ya ardhi duniani hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya punje za mchanga na changarawe, au katika nyufa za miamba. Chini ya San Joaquin mito ya kale imelimbika mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi kwa unene wa mamia ya mita.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo muhimu kwa makopo mawili yenye matundu madogo chini, yaliyozibwa kwa nta. Kopo moja lijazwe mchanga mkavu wa kukwaruza, na la pili lijazwe udongo wa mfinyanzi mkavu uliopondwa. Maji yamiminwe polepole katika kila kopo, yakipimwa, mpaka yafike juu. Kisha nta iondolewe, na makopo yaachwe yadondoke hadi siku ya pili. Wanafunzi wataona kwamba kopo la mchanga limerudisha sehemu nzuri ya maji yake, hali kopo la mfinyanzi limetoa machache mno, ijapokuwa lilimeza maji mengi. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo: udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi kuliko mchanga. Nusu ya ujazo wake, au hata zaidi, huweza kuwa maji. Lakini nafasi hizo ni ndogo kupita kiasi, na maji hushikamana na chembe zake yasitoke. Kwa hiyo kujua ni maji kiasi gani yaliyomo ardhini hakutoshi. Inapasa kujua ni kiasi gani kitakachokubali kutoka, na kwa gharama gani.

Chini ya sehemu kubwa ya bonde kuna tabaka moja la mfinyanzi ambalo wanajiolojia huliita mfinyanzi wa Corcoran, kwa jina la mji ulio karibu na Ziwa Tulare la zamani. Ni sakafu ya ziwa kubwa lililokuwako zaidi ya miaka 600,000 iliyopita, na mahali pengine unene wake hufikia makumi ya mita. Tabaka hilo hutenganisha maji ya juu, ambayo hupokea mvua na maji yanayopenya kutoka mashambani, na maji ya chini, ambayo yamefungwa na hukaa chini ya kanieneo kubwa. Visima virefu vya upande wa magharibi wa bonde vilitobolewa kupita mfinyanzi huo ili kuyafikia maji ya chini.

Mzigo unapohama

Sababu ya ardhi kudidimia ilipata maelezo ya kisayansi kutokana na kazi ya mhandisi Karl Terzaghi, aliyeweka misingi ya mekanika ya udongo katika miaka ya 1920. Wazo lake ni rahisi. Chukua tabaka lolote lililo chini sana. Juu yake umelala uzito wa udongo na maji yote yaliyo juu. Uzito huo hubebwa na wachukuzi wawili: punje za udongo, ambazo zimeegemeana, na maji yaliyo kati yao, ambayo husukuma kila upande kwa kanieneo yake. Maji yakivutwa na kanieneo ikapungua, uzito wa juu haukupungua. Kwa hiyo sehemu iliyoachwa na maji hubebwa na punje.

Hesabu yake haina ugumu. Usawa wa maji katika kisima ukishuka kwa mita 1, kanieneo hupungua kwa kilopaskali 9.8 hivi, ambayo ni sawa na uzito wa tani 1 juu ya kila mita ya mraba. Upande wa magharibi wa San Joaquin usawa wa maji katika tabaka la chini ulishuka mahali pengine kwa zaidi ya mita 100. Maana yake ni kwamba kila mita ya mraba ya udongo ule wa chini ilitwishwa tani 100 za ziada.

Mchanga na changarawe hustahimili mzigo kama huo. Hubonyea kidogo, na maji yakirudi huinuka tena. Chembe za mfinyanzi ni tofauti, kwa kuwa zina umbo la vibamba vyembamba sana. Zilipotua katika maji ya ziwa zilijipanga ovyo, kama karata zilizomwagwa sakafuni, zikaacha nafasi kubwa kati yao. Mzigo ukizidi ule ambao tabaka halijapata kuubeba tangu kuumbwa kwake, vibamba hivyo hulala bapa kimoja juu ya kingine, na maji yaliyokuwa kati yao hukamuliwa. Baada ya hapo hata maji yakirudishwa kwa wingi vibamba havisimami tena. Imekisiwa kwamba katika eneo lililodidimia zaidi upande wa magharibi, takriban theluthi moja ya maji yaliyovutwa kabla ya miaka ya 1970 yalikuwa ya namna hiyo, yaani maji yaliyokamuliwa katika mfinyanzi mara moja tu, na yasiyoweza kupatikana mara ya pili.

Tena mfinyanzi hautoi maji yake upesi. Muda unaohitajika hukua kwa mraba wa unene: tabaka lenye unene maradufu huchukua muda mara nne, na lenye unene mara tatu huchukua muda mara tisa. Tabaka jembamba huweza kumaliza kubonyea katika miezi michache, lakini lililo nene huendelea kwa makumi ya miaka. Kwa hiyo ardhi inaweza kuzidi kudidimia ingawa usawa wa maji katika visima umekwisha kutulia.

Maji hayo yaliyokamuliwa yana hatari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha kwamba katika bonde hilo uvutaji wa maji kupita kiasi huandamana na kuongezeka kwa sumu ya aseniki katika visima, kwa sababu aseniki iliyokuwa imefungwa ndani ya mfinyanzi hutoka pamoja na maji yake.

Mifereji na ukame

Kufikia mwaka 1970 karibu nusu ya Bonde la San Joaquin, yaani eneo la kilomita za mraba 13,500 hivi, lilikuwa limedidimia kwa zaidi ya sentimita 30. Serikali ilikuwa imeanza kuleta maji kutoka mbali. Mfereji wa Friant-Kern, uliomalizika mwaka 1951, ulibeba maji ya Mto San Joaquin kwenda kusini kwa kilomita 245. Na kuanzia mwaka 1968 Mfereji Mkuu wa California ukaleta maji kutoka kaskazini mwa jimbo. Pampu nyingi zilinyamaza, na usawa wa maji katika visima ukapanda kwa miaka michache. Wengi waliamini kwamba tatizo limekwisha.

Ukame wa 1976 na 1977 uliwajulisha kwamba haukuwa umekwisha. Mifereji ilipopungukiwa na maji, pampu ziliwashwa tena. Ingawa kiasi kilichovutwa kilikuwa kidogo kuliko kile cha miaka ya 1960, usawa wa maji ulishuka kwa kasi kubwa zaidi. Ghala lilikuwa limepungua. Visima vilionekana kujaa, lakini nyuma ya usawa ule wa juu hapakuwa tena na akiba ya zamani. Huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko picha ya nguzo, ingawa haupigiki picha.

Mambo yalijirudia katika ukame wa 1987 hadi 1992, wa 2007 hadi 2009, na ule mkali wa 2012 hadi 2016. Kati ya vipindi hivyo badiliko moja lilizidisha uzito wa tatizo. Shamba la pamba laweza kuachwa bila kupandwa mwaka wa ukame, mlozi hauwezi. Mti huo huzaa kwa miaka ishirini na zaidi, na ukinyimwa maji msimu mmoja mtaji wote hufa. Wakulima walipong'oa pamba wakapanda milozi, faida iliongezeka, lakini walijifunga kuvuta maji hata katika mwaka mbaya kuliko yote. Katika ukame wa 2014 vipimo vya rada ya setilaiti vilionyesha ardhi karibu na Corcoran ikididimia kwa sentimita 33 katika miezi minane tu.

Hasara haikuwaangukia wote sawasawa. Mwenye shamba kubwa aliweza kuchimba kisima kipya cha mita mia kadhaa. Katika kijiji cha East Porterville, ambako vibarua wengi wa mashamba huishi na ambako kila nyumba ilitegemea kisima kifupi, mabomba ya mamia ya nyumba yalikauka mwaka 2014. Watu waliishi kwa maji ya chupa na matangi yaliyowekwa uani, mpaka baadaye nyumba nyingi zilipounganishwa na mabomba ya mji wa Porterville. Yafaa kukumbuka kwamba kati ya kisima kifupi na kirefu hakuna ukuta. Kila pampu huchimba shimo lenye umbo la pia katika usawa wa maji unaoizunguka, na pampu kubwa huweza kushusha maji ya jirani ambaye hajapata kuyaona mashamba yanayomwagiliwa.

Mifereji nayo haikunusurika. Maji ya Friant-Kern hutembea kwa mteremko peke yake, bila pampu, na mteremko wenyewe ni mdogo mno. Ardhi ilipodidimia karibu na katikati ya mfereji, pakatokea bonde ambalo maji hayawezi kulipita ila kwa kufurika kingo. Sehemu hiyo ilipoteza takriban asilimia 60 ya uwezo wake. Kwa maneno mengine, mfereji uliojengwa ili kupunguza uvutaji wa maji ya chini uliharibiwa na uvutaji huohuo.

Sheria na hesabu

California iliweka utaratibu wa vibali vya maji ya mito kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1914. Maji ya chini ya ardhi yalibaki, kwa jumla, haki ya mwenye ardhi iliyo juu yake, na ikapita miaka mia moja kabla ya jimbo kutunga sheria ya kuyasimamia, mwaka 2014. Ilikuwa ya mwisho kufanya hivyo kati ya majimbo ya magharibi ya Marekani. Sheria hiyo iliagiza watumiaji wa kila bonde la maji waunde mamlaka zao, wapime, wapange, na wafikie mizania: mwaka 2040 kwa mabonde yaliyo katika hali mbaya zaidi, na 2042 kwa mengine. Muda wa miaka 26 ulitolewa ili uchumi usivunjike. Kwa mwanasiasa ni muda mfupi. Kwa tabaka la mfinyanzi linaloendelea kukamuliwa ni mrefu kupita kiasi.

Ukubwa wa kazi hiyo waweza kukadiriwa na mwanafunzi yeyote. Taasisi ya Sera za Umma ya California ilikisia kwamba kati ya 1988 na 2017 maji yaliyovutwa katika San Joaquin yalizidi yale yaliyorudi kwa wastani wa mita za ujazo bilioni 2.2 kwa mwaka. Hekta moja ya shamba linalotumia maji ya kina cha mita 1 kwa mwaka hutumia mita za ujazo 10,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, na jibu ni hekta 220,000. Hilo ndilo eneo ambalo lingepaswa kuacha kumwagiliwa kama hakuna maji mapya. Taasisi hiyo yenyewe, ikizingatia mengi kuliko hesabu hii fupi, ilisema mwaka 2019 kwamba angalau hekta 200,000 zingelazimika kutoka katika kilimo cha umwagiliaji.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kumwagilia kwa ustadi zaidi, kwa mfano kwa mipira ya matone. Njia hiyo ina manufaa mengi: hupunguza mbolea inayopenya chini na kuchafua visima kwa naitreti, tatizo kubwa katika bonde hilo. Lakini haiumbi maji. Katika umwagiliaji wa zamani maji yaliyozidi mahitaji ya mmea yalishuka tena ardhini. Mkulima akitumia matone huvuta machache, na machache hurudi. Kinachopotea kweli ni kile kinachotoka hewani kupitia majani, na hicho hakikupungua. Mara nyingi maji yanayodhaniwa kuokolewa hutumika kupanua shamba, na mizania ikazidi kuharibika.

Njia yenye matumaini zaidi ni kulisha ardhi wakati wa mafuriko. Tangu mwaka 2011 mashamba ya zabibu karibu na Helm, katika Wilaya ya Fresno, yamejaribu kufurikishwa kwa maji ya mto katika majira ya baridi, mizabibu inapokuwa imelala, na mizabibu haikufa. Miaka ya kufaa si mingi, lakini hiyo ndiyo desturi ya nchi kavu kokote. Vipimo vya visima vya Makutupora, karibu na Dodoma, vilivyoanza katika miaka ya 1950, vimeonyesha vivyo hivyo: sehemu kubwa ya maji yaliyoingia ardhini huko yaliingia katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya 1997 na 1998. Mwaka 2023 mvua na theluji zilikuwa nyingi California hata Ziwa Tulare likarudi, likafunika makumi ya maelfu ya hekta za mashamba. Maji mengi yalilishwa ardhini mwaka huo. Hata hivyo yaliingia katika mchanga na changarawe peke yake. Nafasi zilizobanwa za mfinyanzi hazikufunguka.

Mwaka 2024 Bodi ya Maji ya jimbo iliweka bonde la Ziwa Tulare, na baada yake bonde la Tule, chini ya uangalizi wake, kwa kuwa mipango yao haikuridhisha; wakulima wa Ziwa Tulare walikwenda mahakamani kupinga. Mwaka huohuo ilimalizika sehemu ya kwanza ya mfereji mpya, yenye urefu wa kilomita 16 hivi, iliyojengwa sambamba na Friant-Kern ili kuliepuka lile bonde lililotokea katikati. Ardhi iliyo kando yake ilikuwa bado haijaacha kudidimia.